Rangi Mbili Si Dawa ya Mafua

Ukungu ukishuka kutoka Shengena, kikohozi husikika nyumba kwa nyumba huko Chome na Mbaga. Mtoto anatokwa kamasi, usiku halali, na mama yake halali. Kukicha, mama hukimbilia dukani, au humwagiza mtu anayeshuka Same mjini amletee vidonge vya rangi mbili. Kidonge hufunguliwa, unga ukagawanywa kwa kukadiria kwa jicho, mtoto akanyweshwa. Siku ya tatu anacheza. Vilivyobaki hufungwa kwenye karatasi vikimngojea mgonjwa mwingine.

Haraka ya mama huyu twaielewa. Lakini mafua huletwa na virusi, na antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, haziwezi virusi. Mtoto amepona kwa sababu mafua huisha yenyewe. Tena kama rangi mbili hizo ni tetrasaiklini, zaweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto aliye chini ya miaka 8.

Wako wasemao mwili "umezoea dawa". Sivyo, akina mama. Wanaobadilika ni bakteria. Kooni na tumboni mwetu wamo mamilioni, na wachache kati yao huweza kuistahimili dawa. Tunapoinywa bure, wanyonge hufa na hao wachache huachiwa uwanja. Huzaana, na hata bakteria wa aina nyingine huwagawia uwezo huo. Kisha hupita kwa mikono isiyonawa, kwa vyoo, na kwa maji ya mfereji yatokayo kwenye ndiva kwenda mashamba ya chini. Jirani asiyemeza kidonge hata kimoja anaweza kuwapata.

Same imekwisha kuona dawa ikishindwa. Mwaka 2001 klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini, ikaja SP. Mwaka 2006 nayo ikaipisha dawa ya mseto. Utafiti uliofanywa Korogwe na Same, ukachapishwa 2009, ulionyesha kuwa SP haikuwakinga watoto wachanga na malaria. Kimelea cha malaria si bakteria, lakini njia ya usugu ni ileile. (Mjamzito asiikatae SP anayopewa kliniki, kwake bado ina faida.)

Kwa upande wa bakteria, watoto waliolazwa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 walifuatiliwa. Miongoni mwa wale waliokuwa na bakteria kwenye damu, waliopewa dawa isiyoweza bakteria hao walikufa zaidi kuliko wenzao. Duniani kote, vifo vilivyosababishwa na bakteria sugu mwaka 2019 vilikadiriwa kuwa milioni 1.27. Mtoto wa Vudee akishikwa na nimonia hutegemea amoksilini, dawa rahisi iliyo karibu. Ikishindwa, ni sindano za bei kubwa, pengine na safari ya KCMC, Moshi, nauli ikitafutwa usiku.

Kwa mafua ya kawaida, mnyonyeshe mtoto mara nyingi, na mkubwa apewe vinywaji vya moto; tangawizi ya Mamba Miamba inafaa sana. Asali hulainisha koo, ila asipewe aliye chini ya mwaka mmoja. Kuhara kusiko na damu hutaka maji ya ORS na zinki. Lakini akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya au akipata degedege, usingoje kupambazuke: mpeleke hospitali. Huko antibayotiki ikiandikwa, apewe kwa kipimo na siku alizoambiwa, hata akionekana amepona. Wala si vibaya kumwuliza mganga, "Je, ugonjwa huu ni wa bakteria?"

Na zizini je? Huko tambarare mifugo nayo huchomwa oksitetrasaiklini, mara nyingi bila mtaalamu kuitwa. Ng'ombe akichomwa, muulize bwana mifugo maziwa yamwagwe siku ngapi. Maziwa ya siku hizo yasiuzwe, wala asinyweshwe mtoto.