MWANAMKE NAYE HUFUNDISHA DINI

Je, umepata kusikia watu wakisema, "Kuhubiri dini ni kazi ya wanaume"? Maneno haya husemwa katika vijiji vingi. Hata hapa Nemba pengine umeyasikia. Hebu tuangalie kama ni kweli.

Mtume Muhammad alifariki mwaka 632. Mke wake, Bi Aisha, alibaki Madina. Watu walimwendea kumwuliza mambo ya dini, wanaume kwa wanawake. Hadithi zaidi ya 2,000 zimepokewa kutoka kwake. Masheikh wanazitumia mpaka leo.

Kisiwani Pate, pwani ya Kenya, aliishi Mwana Kupona. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Alimfundisha kumcha Mungu na kumtii mume. Hakushindana na desturi za wakati wake. Hata hivyo, maneno yake yalitoka nyumbani, yakawa mafundisho ya wanawake wengi wa pwani.

Kule Nijeria, Nana Asma'u (1793–1864) aliona taabu nyingine. Wanawake wengi walikaa ndani, hawakuweza kwenda kusoma. Alifanyaje? Alitunga mashairi ya dini kwa lugha za wenyeji. Wanawake wa vijijini walimjia kwa makundi, wakayajifunza kwa moyo. Kisha walirudi kuwafundisha wenzao majumbani. Elimu ilimfuata mwanamke mpaka mlangoni kwake.

Elewa jambo hili. Kwa Waislamu wengi, mwanamke hawaongozi wanaume katika sala. Lakini kuongoza sala ni jambo moja, na kufundisha ni jambo jingine.

Tena kuna mambo ambayo mwanamke huona haya kumwuliza mwanamume, kama vile hedhi na uzazi. Yako pia mambo ya haki. Kurani inampa mwanamke fungu lake katika mirathi. Asiyejua hayo hunyang'anywa kwa urahisi. Huambiwa, "Ndivyo dini inavyosema," naye hana la kujibu.

Baba, mwache mkeo na binti yako wasome. Mama, sasa unajua kusoma. Ulichosoma leo, kamsomee jirani yako.

MASWALI

1. Watu walimwendea Bi Aisha kwa sababu gani?
2. Nana Asma'u aliwafikiaje wanawake waliokaa ndani?
3. Mwanamke asiyejua sheria ya mirathi hupata hasara gani?