Kompaila Imekubali, Seva Imekataa

Kompaila imemaliza kazi bila kulalamika na faili la moduli mpya limekaa mahali pake. Msimamizi anaiwasha seva upya, seva haiamki. Tovuti iko chini, wateja wanapiga simu, na kilichobaki kwenye skrini ni mstari mmoja wenye namba asizozielewa. Wengi hapo hufuta kila kitu na kukompaili tena vilevile. Ni afadhali kwanza kuusoma ule mstari kwa utulivu, maana mara nyingi umeshataja kilichoharibika.

Moduli ya seva ya wavuti haijitegemei. Inaingizwa ndani ya programu nyingine inayofanya kazi, inatumia memori yake, na ikikosea inaanguka na mchakato mzima ulioibeba. Seva ya Apache ilizaliwa mwaka 1995 kutokana na seva ya NCSA ya Chuo Kikuu cha Illinois, na Robert Thau ndiye aliyekiunda upya kiini chake ili kazi nyingi zifanywe na moduli. Mpango huo umempa kila mwenye ujuzi wa lugha ya C nafasi ya kuiongezea seva kazi anayoitaka. Una sharti moja zito: moduli na seva zikubaliane juu ya umbo la kila kitu zinachopeana, hadi baiti ya mwisho.

Wanaoanza hukwama mapema, kompaila inaposema haioni faili la httpd.h. Kuweka Apache kwenye mashine hakuleti mafaili ya vichwa yanayotumika kujengea moduli. Kwenye Debian na Ubuntu yamo katika kifurushi cha apache2-dev. Kwenye Red Hat na jamaa zake kifurushi ni httpd-devel.

Wanaojiamini zaidi huita gcc moja kwa moja, na hao hupata tabu ya aina nyingine. Skrini inajaa makosa, mengi yakitoka ndani ya apr.h, faili ambalo hawajaligusa. La juu kabisa linasema aina iitwayo off64_t haijulikani. Watu huteremka hadi chini ya skrini na kuanza kuhangaika na kosa la mwisho, na hapo ndipo saa zinapopotea, kwa kuwa ya chini yote yamezaliwa na lile la juu. Faili la apr.h ni zima. Linategemea alama ya _LARGEFILE64_SOURCE iwe imewekwa kabla halijasomwa, kama ilivyowekwa siku seva yenyewe ilipojengwa. Kukompaili moduli bila alama za seva ni kama kumshonea mtu suti kwa vipimo vya jirani yake.

Apache huja na chombo chake cha kazi hii, apxs. Kinakumbuka seva ilijengwa kwa kompaila ipi na alama zipi; ukiandika apxs -q CFLAGS kitakuonyesha. Amri ya apxs -c mod_hello.c inajenga moduli, -i inaiweka kwenye folda yake, na -a inaongeza mstari wa LoadModule kwenye mipangilio. Sioni sababu ya mtu kuandika amri ya gcc kwa mkono wakati chombo hiki kipo.

Hatua ya kupakia ina mitego yake. Seva ikisema haikuipata moduli ndani ya faili, angalia jina uliloandika kwenye LoadModule: linatakiwa liwe jina la muundo uliotangazwa ndani ya msimbo, hello_module kwa mfano, wala si jina la faili. Kama umeandika kwa C++, huenda kompaila imeligeuza jina hilo. Tangazo la extern "C" hulirudisha. Zipo pia namba. Seva ya Apache 2.4 ikipewa moduli iliyojengwa kwa 2.2 inaweza kukuambia kwamba ilitarajia sahihi 41503234 ikaona 41503232. Zitazame mbili mbili kwenye jedwali la ASCII: 41 ni A, 50 ni P, 32 ni tarakimu 2, 34 ni tarakimu 4. Seva imetamka wazi kwamba inataka AP24 na umeiletea AP22. Dawa ni kukompaili upya kwa mafaili ya toleo sahihi, na apachectl configtest itakuonyesha kama imekubali kabla hujaigusa seva inayohudumia watu. Seva ya Nginx ni kali vilevile: tangu toleo 1.9.11 la mwaka 2016 inapakia moduli bila kujengwa upya yote, lakini hukagua toleo na namna ilivyojengwa, na nginx -V hukutolea orodha ya vigezo vyote.

Kazi ngumu zaidi ni pale moduli inapokompailika, ikapakiwa, kisha ikafanya kosa kimyakimya. Apache 2.4 ilipotoka mwaka 2012, moduli nyingi za zamani ziligoma kukompailika kwa sababu remote_ip, sehemu ya anwani, haikuwepo tena katika conn_rec, muundo unaoeleza muunganisho. Jina jipya ni client_ip. Anayebadilisha jina tu anaona kosa limetoweka na anaendelea na mengine. Waandishi wa Apache walikuwa na jambo la maana zaidi: client_ip ni anwani ya mashine iliyoungana na seva moja kwa moja, na ya mtumiaji imo katika useragent_ip, ndani ya request_rec, muundo unaoeleza ombi. Bila kisambaza mzigo, yaani mashine inayopokea maombi na kuyapeleka kwa seva, zote mbili huwa sawa. Kikiwepo, na mod_remoteip, moduli inayosoma anwani ya mtumiaji kwenye kichwa cha ombi, ikiwa imepangwa, zinatofautiana kabisa.

Chukua moduli inayohesabu nywila zilizokosewa na kuifungia anwani iliyozidisha. Ikisoma client_ip, inawaona wateja wote kama mtu mmoja, yaani kile kisambaza mzigo, na wakorofi wachache wanatosha kuwafungia mlango wateja wote. Kuhamia useragent_ip kunaponya hilo, ila mod_remoteip iambiwe ni mashine zipi tu za kuaminiwa, kwa sababu kichwa inachokisoma, kama X-Forwarded-For, kinaweza kuandikwa na yeyote. Jaribu hivi kabla ya kukabidhi kazi: weka kisambaza mzigo mbele ya seva ya majaribio, tuma maombi kutoka kompyuta mbili, moja ikijaza kichwa hicho kwa anwani ya uongo, kisha soma kwenye logi moduli yako imeona watu wangapi.