Sola Juu ya Sakafu
Nyumba nyingi za Mombasa hazina bati. Juu yake ni sakafu tambarare, paanikwapo nguo na kuwekwa tangi la maji. Tulipotaka sola, fundi aliitoboa sakafu yetu akatia bolti. Masika yalipoingia, maji yalipenya kwenye matundu yale yakadondokea vitanda vya watoto. Gharama ya kuziba ilizidi ya kufunga.

Wala hapakuwa na haja ya kutoboa. Fremu ya alumini huwekwa juu ya sakafu na kukandamizwa kwa matofali ya zege, mazito ya kuushinda upepo wa kusi. Nyumba kongwe za boriti na chokaa zikaguliwe kwanza na mwashi, zisije zikalemewa. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwani chumvi ya bahari haina huruma.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwinamo wa nyuzi 10 kuelekea kaskazini watosha, na mvua itaosha vumbi. Chini ya paneli upite upepo: kila nyuzi ya joto lake inayozidi 25 hupunguza umeme kwa takriban asilimia 0.4.

Na kamba za nguo zitahamia wapi? Mama wa nyumba aulizwe mapema. Sisi hatukumuuliza.