Kwa nini katuni za Japani zimejaa watu wa chuma na mapigano?

Huenda umetumiwa kwenye simu kipande cha katuni ya Kijapani: kijana ana mkono wa chuma, majengo yanaporomoka, damu inamwagika. Ni rahisi kudhani ni fujo tupu. Lakini hadithi hizi zina historia, na ndani yake mna swali: mwili ukiongezewa nguvu kwa mitambo, nani anakuwa mwenye mwili huo?

Waliotekwa na kugeuzwa silaha

Mwaka 1964 mchoraji Shotaro Ishinomori alianza kuchora Cyborg 009. Watu tisa wa mataifa mbalimbali, mmoja wao Mwafrika, wanatekwa na genge la wauza silaha na kufanyiwa upasuaji ili wawe silaha zenye uhai. Wanatoroka, kisha wanapambana na hao hao waliowatengeneza.

Ishinomori alikuwa na miaka 7 Hiroshima na Nagasaki zilipopigwa mabomu ya atomiki mwaka 1945. Kizazi chake kilijua kwamba sayansi inaweza kutibu na inaweza kuteketeza mji.

Nguvu bila breki

Katika filamu ya Akira ya mwaka 1988, kazi ya Katsuhiro Otomo, kijana wa genge la pikipiki aitwaye Tetsuo anachukuliwa na wanajeshi na kufanyiwa majaribio. Anapata nguvu za ajabu, ila hawezi kuzitawala. Mwisho mwili wake unavimba hadi unamponda msichana anayempenda.

Ghost in the Shell ya mwaka 1995 inaonyesha ukatili wa aina nyingine. Motoko Kusanagi, ofisa wa usalama, ana mwili wa kutengenezwa. Ana nguvu kuliko watu wa kawaida, lakini akiacha kazi lazima aurudishe mwili huo serikalini. Humo pia yumo dereva wa gari la taka aliyeingiziwa kumbukumbu za uongo. Anaamini ana mke na mtoto, kumbe anaishi peke yake. Hana jeraha hata moja, lakini ameibiwa maisha yake.

Na Japani yenyewe?

Kampuni ya Cyberdyne ya huko Tsukuba hutengeneza HAL, kifaa kinachofungwa miguuni. Hunasa kwenye ngozi ishara ambazo ubongo hutuma kwa misuli, kisha mota zake humsaidia mgonjwa kutembea. Mwaka 2015 Japani ilikiidhinisha kutumika kwa baadhi ya wagonjwa wenye misuli dhaifu. Hapa mashine inatumika kusaidia wagonjwa.

Kwa mzazi

Si kila katuni ni ya watoto. Akira na Ghost in the Shell zina mauaji ya kutisha, hivyo zitazame wewe kwanza. Na ukimkuta kijana wako anatazama katuni za namna hii, kabla ya kumnyang'anya simu muulize: huo mkono wa chuma aliutengeneza nani, na kwa faida ya nani?