Nywele zinatoka: mbele ya kusema ni sida ao uchawi, angalia namna zinatoka

Kuko ulizo moja lenye wamama wanauliza kwa sauti ya chini kila mara tukizungumuza mambo ya afya: sababu gani nywele zinaniacha? Sauti ya chini, kwa sababu wanajua majirani watasema nini. Mutu akivula kitambaa na watu waone paji la uso limepanda mupaka karibu na utosi, wa kwanza atasema ni sida. Wa pili atasema kuko mutu aliokota nywele zake kwa saloni na kuzipeleka kwa mufumu. Mara mingi wote wawili wanadanganyika, na wakati wanabishana, nywele zenye zingeweza kuokolewa zinaendelea kwenda.

Tuanze na lenye halipashwe kuogopesha mutu. Kichwa cha mutu muzima kina nywele 100 000 hivi. Kila moja inakomaa kwa miaka 2 mupaka 6, inaongezeka karibu sentimita 1 kwa mwezi, kisha inapumuzika miezi 3 hivi na kuanguka, na ingine inaota pale pale. Kwa hiyo kupoteza nywele 50 mupaka 100 kwa siku ni kawaida. Dada akikaa na meshi wiki 6, siku ya kusukua anaona furushi kwa mukono na analia. Lakini afanye hesabu: siku 42, nywele 50 kila siku, ni zaidi ya 2 000. Zilikwisha kuanguka zamani, meshi njo ilikuwa inazishika.

Ikiwa sasa zinatoka kwa kichwa chote, mingi kuliko kawaida, usiangalie ulikula nini jana. Hesabu miezi 2 ao 3 nyuma. Ulizaa? Ulilala na malaria kali ao tifoide? Walikupasua? Ulikimbia vita na kukaa kambini na chakula kidogo? Mwili ukipata shida kubwa, unapeleka nywele mingi kupumuzika kwa wakati mumoja, na zote zinaanguka pamoja miezi 3 kisha. Njo maana mama mwenye alizaa mwezi wa kwanza anaona nywele zinatoka mwezi wa ine, na anashitaki sabuni mupya, ao mama mukwe. Mizizi haikufa. Mara mingi zinarudi kwa miezi 6 mupaka 12, bila dawa. Lenye linasaidia ni kula: maharagi, sombe, sambaza, yai kama liko. Na kama unachoka sana, unasikia kizunguzungu, moyo unapiga mbio ukipanda mulima, omba kituo cha afya wapime damu, kwa sababu damu ikikosa chuma nywele pia zinatoka.

Aina ingine haina subira kama ile, na hapa kwetu tunaiona kila siku kwa njia: nywele za mbele na za pembeni, juu ya masikio, zenye zinakimbia kidogo kidogo. Ile inatoka kwa kuvutwa. Unajua namna inapitika. Musichana anakaa kwa kiti, mwenye kusuka anavuta mupaka macho yanapanda, musichana anasema naumia, na jibu ni lile lile: «Vumilia dada, kiisha siku mbili itatulia.» Inatulia kweli, lakini mizizi imeumia. Vipele vidogo vyenye usaha vinaota kwa muzizi wa musuko, wanavipakaa mafuta, na kisha wiki 6 wanasuka tena pale pale.

Muganga Nonhlanhla Khumalo wa universite ya Cape Town, Afrika ya Kusini, pamoja na wenzake, walipima vichwa vya wanafunzi na vya wamama. Karibu mama 1 kwa 3 alikuwa na nywele za pembeni zenye ziliharibika kwa kuvutwa. Hatari ilizidi kwa wenye walisuka ao kuweka meshi juu ya nywele zenye zimepakaliwa dawa ya kulainisha. Wengi wetu tunafanya vyote viwili, defriza leo na meshi kesho, kwa sababu kesho kuko ndoa.

Habari nzuri ni kwamba mwanzoni inarudi. Ukiacha kuvuta wakati ngozi ingali na matundu madogo ya nywele, kwa miezi michache unaona zinaota. Lakini ukiendelea miaka, tundu linafungwa na kovu, ngozi inangaa kama kijiko, na hapo hakuna mafuta yenye yatafungua. Kwa hiyo sema «legeza» mbele ya kulipa, hata kama mwenye kusuka atanuna. Musuko wenye unaumiza usiku usingoje asubuhi, fungua ile ya mbele. Perike yenye kolo ni shida ile ile.

Kwa watoto, mambo ni mengine. Kipande cha duara chenye magamba, nywele zimekatika na kuacha madoa meusi, tezi zimevimba nyuma ya shingo: ni mapunye, na inaambukiza. Pomade peke haitoshi, kwa sababu ugonjwa umeingia ndani ya nywele. Inaomba dawa ya kumeza, kama vile grizeofulvini, kwa wiki 6 mupaka 8 kufuatana na uzito wa mutoto. Wembe ao mashini ya kunyolea isipite kwa kichwa kingine bila kusafishwa.

Lakini nywele za mutoto zikiwa nyekundu, nyepesi, na zikitoka ukizivuta bila yeye kulia, angalia miguu. Bonyeza na kidole. Shimo likibaki, ni bwaki. Anaweza kuonekana munene, kumbe ni maji. Mupeleke kituo cha afya leo, si kisha soko.

Na sida? Mutu mwenye amegonjwa sana bila dawa anaweza kupoteza nywele, lakini nywele haziko kipimo. Kipimo ni damu. Kaswende pia inaweza kutoboa kichwa vipande vipande, na inapona na sindano ya penisilini. Kipande cha duara laini, bila magamba, chenye kilitokea ghafla, mara mingi ni kinga ya mwili yenye inashambulia mizizi. Wengine zinarudi peke, wengine muganga wa ngozi anachoma sindano.

Wababa wenye upara wa kurithi hawana ugonjwa. Kuko dawa ya kupakaa yenye inasaidia wamoja, minoksidili, lakini siku ukiacha kupakaa, zinaanguka tena. Hesabu pesa ya miaka kumi mbele ya kununua chupa ya kwanza.

Kama hauna hakika ni aina gani, piga foto ya paji la uso na simu, mahali pamoja, kwa mwangaza wa asubuhi, na mwezi ukiisha piga ingine. Ngozi ikiwaka moto, ikitoa usaha, ao ikianza kungaa, usingoje foto ya pili. Peleka ile ya kwanza kwa muganga.