MAFUNGO NA UPONYAJI WA MOYO



Mara nyingi katika ukurasa huu wa afya tunaongea juu ya magonjwa ya mwili: malaria, kuhara kwa watoto, shinikizo la damu. Mwezi huu tunapenda tuongee nanyi juu ya maumivu ambayo sisi wauguzi hatuyaoni kwa darubini wala hatuyapimi kwa kipimajoto. Ni maumivu ya moyo. Tutaeleza pia jinsi mafungo yanavyoweza kusaidia kuyaponya, na mahali ambapo mafungo peke yake hayatoshi.

Mama aliyekuja mara tatu

Mwanzoni mwa mwaka 2024 alifika kwetu mama mmoja kutoka upande wa Daudi. (Mambo machache tumeyabadilisha ili asitambulike.) Alilalamika kifua kinambana na tumbo linawaka. Tulimpima malaria, hana. Tukampa dawa ya tumbo, akaenda zake. Baada ya wiki mbili akarudi, maumivu yale yale. Tukambadilishia dawa. Mara ya tatu alipokuja, baadhi yetu tulianza kunong'ona kwamba mama huyu anapenda tu hospitali.

Mwenzetu mmoja ndiye aliyeketi naye na kumwuliza swali ambalo sisi wengine hatukuliuliza: "Mama, usiku unalala?"

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Nesi, tangu Katesh sijalala."

Wengi wetu tunakumbuka siku ile. Ilikuwa tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio. Alfajiri, baada ya mvua kubwa, maji, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika sehemu ya mji wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mama huyu alikuwa na dada yake aliyeolewa huko. Dada hakupona. Yeye ndiye aliyepokea watoto wa marehemu, akapika msibani, akawafariji wazazi. Watu wote walimsifu kwamba ana moyo mgumu. Hakuna aliyemwuliza kama yeye mwenyewe amelia.

Siku ile alilia kwa muda mrefu katika chumba cha kufungia vidonda, kwa sababu hatukuwa na chumba kingine cha faragha. Kifua chake hakikuwa na ugonjwa. Ulikuwa msiba uliokosa mahali pa kukaa.

Moyo ukiumia, mwili husema

Msidhani mama yule alikuwa anajifanya. Mtu akipatwa na hofu au huzuni kubwa, mwili hujiandaa kama vile adui yuko mlangoni. Moyo hudunda haraka, misuli hukaza, tumbo huvurugika, usingizi hukimbia. Hali hiyo ikipita baada ya siku chache hakuna ubaya. Lakini ikidumu wiki na miezi, mtu huumwa kweli: kichwa, mgongo, kifua, tumbo. Wengine hukimbilia pombe. Wengine huwa wakali kwa watoto bila sababu.

Watu wa namna hii si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya kila watu 8 duniani alikuwa anaishi na tatizo la afya ya akili. Hesabu basi katika jumuiya yako ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi ya moyo ndiyo tunayoyaficha kuliko yote.

Mafungo ni nini?

Kwa kifupi, mafungo ni kujitenga na shughuli za kila siku kwa muda maalumu, saa chache au siku kadhaa, ili mtu apumzike, anyamaze, asali na kujitazama moyoni.

Jambo hili si geni. Kumbukeni nabii Elia. Alipochoka na kuogopa alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Sisi wauguzi tunaipenda sana habari hii, kwa sababu Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale. Kisha malaika akampa mkate na maji. Akalala tena, akala tena. Hapo ndipo alipopata nguvu za kwenda hadi mlima wa Mungu, na huko akasikia sauti iliyo tulivu. Usingizi kwanza, chakula kwanza, maneno baadaye. Naye Bwana wetu, mitume walipochoka, aliwaita waende faraghani wapumzike.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari aliyejeruhiwa mguu vitani mwaka 1521. Katika miezi mirefu ya kulala kitandani alianza kusikiliza yanayotokea moyoni mwake. Kutokana na safari hiyo yakazaliwa mazoezi ya kiroho ya siku 30, ambayo watu wa mataifa mengi wanayafuata hadi leo.

Hata wazee wetu Wairaqw walijua kwamba msiba mkubwa unahitaji muda. Walikuwa na desturi ya metimani, ambapo nyumba iliyopatwa na aina fulani za misiba ilikaa kando kwa kipindi, watu wake wasichangamane na majirani. Desturi hiyo ilikubali kwamba mtu aliyefiwa si sawa na jana, wala halazimishwi kurudi shambani kesho yake. Lakini ilimwacha peke yake, tena watu wakimwogopa. Hapo ndipo penye tofauti. Mafungo mazuri humtenga mtu na shughuli, hayamtengi na watu.

Wenzetu waliotutangulia

Tunaweza kujifunza kwa wenzetu waliopata majeraha makubwa kuliko yetu. Padre Michael Lapsley, wa Kanisa la Anglikana, alipoteza mikono yote miwili na jicho moja mwaka 1990 alipofungua barua iliyotegwa bomu, akiwa Harare. Alipopona mwili alitambua kwamba watu wa Afrika Kusini, weusi kwa weupe, walikuwa na majeraha yasiyoonekana. Mwaka 1998 ilianzishwa huko Cape Town taasisi ya uponyaji wa kumbukumbu. Watu wachache hukaa pamoja kwa siku chache, mwisho wa wiki. Kila mmoja husimulia maisha yake katika kikundi kidogo, wengine husikiliza bila kumhukumu wala kumkatiza.

Huko Rwanda na Burundi, kuanzia mwaka 2003, Wakristo wa dhehebu la Quaker waliendesha semina za siku 3 za kuponya majeraha ya vita. Waliwakutanisha watu wapatao 20, nusu kutoka upande mmoja na nusu kutoka upande wa pili. Hapo hapo Rwanda, hayati Padre Ubald Rugirangoga, aliyefiwa na mama yake na ndugu wengi mwaka 1994, aliwaandaa kwa miezi waumini wa parokia ya Mushaka, waliokosa na waliokosewa, mpaka wakaweza kupatana. Tunaona kwamba popote pale kazi hii haikuwa ya siku moja, wala ya mtu mmoja mwenye kipaji. Ilihitaji muda, utulivu na masikio.

Mafungo mazuri yanakuwaje?

Wengine watasema, "Nesi, mimi nina ng'ombe, watoto na shamba, hizo siku tatu nitazipata wapi?" Ni kweli. Lakini hata siku moja inafaa. Tuliwahi kusaidia kuandaa siku ya namna hiyo kwa akina mama wachache waliofiwa. Tuliomba jirani wa kila mmoja amwangalizie watoto na mifugo. Jambo la kwanza lililotokea lilitushangaza: baada ya uji wa asubuhi, wengi wao walisinzia kwenye mabenchi. Mwongozaji alitaka kuwaamsha. Tulimwomba awaache, tukamkumbusha habari ya Elia.

Kwa uzoefu wetu, haya ndiyo ya kuzingatia:

1. Watu wasiwe wengi. Kwa mazungumzo ya ndani, vikundi vya watu 5 au 6 vinatosha.

2. Pawe na chakula, maji na nafasi ya kulala au kutembea polepole. Mtu mwenye njaa hawezi kutafakari.

3. Asilazimishwe mtu kusimulia yaliyompata. Zamani ilidhaniwa kwamba kila aliyepatwa na maafa lazima aeleze yote mara moja. Sasa imeonekana kwamba kumlazimisha kunaweza kumwumiza zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unatufundisha mambo matatu: tazama nani ana shida, sikiliza, kisha mwunganishe na msaada anaohitaji.

4. Siri ibaki siri. Yaliyosemwa mafungoni yasipelekwe kisimani wala kilabuni.

5. Tusiseme maneno ya kufunga mdomo, kama "usilie" au "ni mapenzi ya Mungu, nyamaza." Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro.

6. Pawepo mtu mwenye ujuzi wa afya, au ijulikane mapema atakayeitwa mtu akizidiwa.

Tahadhari: usiache dawa

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Kijana mmoja aliyekuwa anatumia dawa za ugonjwa wa akili alipelekwa na ndugu zake kwenye mkutano wa maombi, mbali na kwao. Huko aliambiwa kwamba mwenye imani hahitaji vidonge. Akaviacha. Baada ya wiki chache aliletwa kwetu amefungwa kamba mikononi, ngozi imechubuka. Mama yake alikuwa anatetemeka, akisema, "Tulitaka apone, nesi. Tulitaka apone kabisa."

Hatukumlaumu mama huyo. Tulijilaumu sisi. Kila mwezi tulikuwa tunampa kijana vidonge dirishani, tunaandika kwenye kadi, tunaita, "Mwingine!" Hatukuwahi kuketi na familia kueleza dawa ile inafanya nini, na kwamba sala na dawa havigombani. Tungewaeleza, pengine wangekuwa na jibu la kutoa siku ile.

Basi tunasema wazi. Dawa za magonjwa ya akili na za kifafa zisiachwe bila ushauri wa daktari. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika, hata akafa. Dawa za sonona, yaani huzuni iliyozidi, huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kabla mtu hajaona nafuu, kwa hiyo msikate tamaa mapema. Ukienda mafungo, beba dawa zako mfukoni, uzimeze kwa saa yake. Na kiongozi yeyote wa sala akikuambia uzitupe, urudi kwanza kwa aliyekuandikia.

Mleteni mgonjwa zahanati au hospitali, msingojee mafungo, mkiona dalili hizi:

– anasema afadhali afe, au anaaga watu bila sababu;
– kwa wiki 2 au zaidi hali, halali, wala hafurahii chochote;
– anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii;
– mama aliyejifungua karibuni anamchukia mtoto au anaogopa atamdhuru;
– pombe imekuwa chakula chake.

Anayesema afadhali afe asiachwe peke yake hata kidogo. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpi wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Wekeni mbali naye dawa za shamba, kamba na visu, na msindikizeni mpaka kwa mganga wa zahanati.

Baada ya mafungo

Mtu anaporudi kutoka mafungo amejaa amani, nyumbani anakuta deni lile lile, mume yule yule mlevi, kitanda kile kile kitupu. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na akina mama wa WAWATA: mkimwona mwenzenu amerudi, mtembeleeni. Si lazima kwenda na maneno mengi. Chukueni jembe mkapalilie naye mistari michache. Nanyi akina baba, mwanamume naye ana moyo. Msione aibu kwenda mafungo, wala kumwambia rafiki kwamba usiku hamlali.

Yule mama wa Daudi alikwenda mafungo ya siku tatu, na kabla ya hapo alikuwa ameanza kuja kuongea na mwenzetu kila wiki mbili. Hatutasema alipona siku moja. Mvua kubwa ikinyesha usiku bado huamka, huwasha taa na kuhesabu watoto, wake na wa dada yake. Lakini anasema baada ya kuhesabu anarudi kulala. Dawa ya tumbo hajaiomba tena.

Na sisi tumejifunza. Siku hizi, kabla ya kuandika dawa, tunauliza: "Usiku unalala?" Nanyi wapenzi wasomaji, leo jioni mwulizeni hivyo mtu mmoja nyumbani kwenu, kisha mketi mngojee jibu.