Nasaha kwa Wanafunzi Si Kazi ya Ziada

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6 Mei, 2017, mvua ikinyesha, basi la skuli ya msingi ya Lucky Vincent ya Arusha liliacha njia na kutumbukia katika korongo la mto, kata ya Rhotia, wilayani Karatu. Watoto waliokuwemo walikuwa wa darasa la saba, wakienda kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wenzao wa Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki dunia. Watoto watatu tu ndio walionusurika, nao walipelekwa Marekani kutibiwa na kurejea nchini mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Siku mbili baada ya ajali, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, Makamu wa Rais wa wakati huo, Ndugu Samia Suluhu Hassan, aliwaongoza wananchi wa dini zote katika kuwaaga marehemu.

Hapana shaka kwamba Taifa lilitimiza wajibu wake kwa waliovunjika mifupa. Lakini wapo waliovunjika mahali pasipoonekana kwa macho. Wapo wanafunzi waliorudi darasani wakakuta viti vitupu. Wapo watoto wa Karatu waliowangojea wageni ambao hawakufika. Wapo ndugu wa marehemu waliolala kitanda kimoja nao usiku wa kuamkia safari. Wengi wa watoto hao walikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi. Leo ni vijana waliokwisha kufikia umri wa kuingia vyuoni.

Na je, vijana wa Karatu na Ngorongoro husoma wapi? Baadhi yao huteremka kuelekea Arusha na Moshi, ambako makanisa yamejenga vyuo kwa muda mrefu. Makumira, chuo cha Kilutheri kilichoko Usa River, kimekuwa hapo tangu miaka ya 1950. Jirani yake kipo Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista wa Sabato, na mjini Moshi kipo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge. Mwandishi wa makala haya alianza elimu yake chuoni, yaani mbele ya mwalimu wa Kurani, na haoni haya kukiri kwamba katika jambo hili vyuo vya makanisa vina utaratibu mwema wa asili: huwa na mchungaji au padri ambaye mlango wake hubishwa hata usiku. Hata sisi tulikuwa na mwalimu wa chuo, aliyetambua kwa sauti ya kisomo tu kwamba mtoto hakula jana.

Hata hivyo, mtu wa dini peke yake hatoshi. Binti aliyeshika mimba, au kijana aliyeingia katika ulevi, mara nyingi humwogopa zaidi yule anayehubiri juu ya dhambi hiyo. Mwanafunzi wa Kiislamu aliyepokewa katika chuo cha kanisa huweza kusita kubisha, akidhani kwamba pamoja na nasaha ataombwa abadili imani yake. Huenda dhana hiyo si ya kweli, lakini mwenye kusita habishi, na asiyebisha hasaidiwi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tuuangalie pia mfano wa kijana atokaye katika boma la wafugaji ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Huko kilimo hakiruhusiwi, na ng'ombe ndiye akiba, ndiye karo, ndiye heshima ya mzee. Ukame ukija, kijana hupata habari kwa simu, akiwa katikati ya mitihani, kwamba mifugo imekwisha. Tena, tangu mwaka 2022, baadhi ya kaya zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na nyingine zimebaki. Safu hii leo haikusudii kuujadili uhamaji huo. Inauliza swali moja tu: mwanafunzi ambaye likizo inakaribia naye hajui aelekee kwa mama aliyehama au kwa babu aliyebaki, amweleze nani?

Serikali haikulisahau jambo hili. Waraka wa Elimu namba 11 wa mwaka 2002 uliagiza huduma za ushauri na unasihi ziwepo katika skuli na vyuo vya ualimu. Kasoro iko katika utekelezaji. Mara nyingi mnasihi huwa ni mwalimu mwenye vipindi vyake kamili, aliyeongezewa kazi hiyo bila mafunzo, bila muda na bila chumba. Mara nyingine, na hili ndilo baya zaidi, mnasihi huwa ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu.

Mwandishi aliyaona hayo mwenyewe. Miaka ya mwisho ya 1990, akiwa mwanafunzi wa bweni huko Bara, alipata barua ya kufiwa na baba yake, ambaye alikwishazikwa majuma matatu nyuma. Mwalimu aliyepewa kazi ya kuwashauri wanafunzi ndiye aliyemchapa juma lililotangulia kwa kuchelewa gwaride. Mwandishi aliikunja barua, akaitia chini ya godoro, na muhula ule akaanguka mitihani yote isipokuwa mmoja. Hakuna aliyeuliza sababu. Mwenye kushika bakora hawezi kuwa ndiye mwenye kushika siri.

Hayo yanatuhusu sisi wa visiwani kama yanavyowahusu watu wa Karatu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai, 2012, ikazama MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam. Ni wanafunzi wangapi walirudi madarasani bila wazazi, wakaambiwa wamshukuru Mungu na wafungue madaftari? Na katika vyuo vyetu vilivyoasisiwa na jumuiya za Kiislamu, Tunguu na Chukwani, swali la yule kijana wa Kiislamu wa Usa River hugeuka likatutazama sisi: kijana wa Kikristo kutoka Bara akipatwa na msiba hapa kwetu, abishe mlango gani? Tunalomtakia mtoto wetu ugenini hatuna budi kumtendea mtoto wa mwenzetu.

Kwa hiyo twawasihi wahusika wa Bara na wa Visiwani wayazingatie mambo manne. Kwanza, unasihi uwe cheo chenye mtu wake na fungu lake katika makisio ya fedha, usiwe nyongeza ya mwalimu aliyechoka. Pili, mnasihi asipewe kamwe kazi ya kuadhibu. Tatu, kiwepo chumba chenye mlango unaofungwa, na siri ya mwanafunzi ihifadhiwe isipokuwa pale maisha yanapokuwa hatarini. Nne, chuo cha dini yoyote kiwe na mnasihi mmoja angalau ambaye haulizi dini ya anayebisha. Mchungaji na imamu wabaki pale pale, kwa mwenye kuwataka.

Wakaguzi wa elimu wanapokitembelea chuo huuliza idadi ya madawati, vitabu na vyoo. Tangu sasa na waombe pia kuonyeshwa chumba cha mnasihi, na watazame kama kina kiti cha pili.